Nyundo ya Mashoto

Kazi yangu hapa Modena, Italia, kwa miaka thelathini na moja sasa, ni kuandika maisha ya magari ya zamani ya mashindano: gari lilitoka lini kiwandani, nani alilinunua, nani alilipindua, nani alilitengeneza upya. Mtu akiniletea gari, nampa cheti au namnyima. Nilikuwa na maringo na kazi hii. Nilipenda kusema kwamba watu hudanganya lakini karatasi hazidanganyi, tena nilisema hivyo mbele ya kadamnasi, kipaza sauti mkononi, mpumbavu mimi.

Jumanne moja ya Novemba nilikuwa naendesha taratibu ndani ya ukungu kuelekea Campogalliano. Mfukoni nilikuwa na karatasi moja ya zamani. Nilikuwa nakwenda kumwomba radhi Learco Zanasi, na kumpa alichokuwa akikitaka.

Miaka miwili kabla, mzee huyu aliniita kwake. Alikuwa fundi wa bodi tangu ujana, mmoja wa wale waliogonga bati la alumini juu ya gogo mpaka likageuka madigadi. Kaka yake, Afro, alikuwa dereva wa Savarani, kiwanda kidogo cha magari ya mashindano kilichokufa zamani. Mwaka 1957 Afro alishinda mbio za milimani kule Ufaransa na gari namba 18. Miezi mitatu baadaye homa ya uti wa mgongo ikamchukua. Learco alilitafuta gari lile miaka mingi, akalikuta kwenye banda la kuku upande wa Reggio, akalirudisha nyumbani. Hakutaka kuliuza. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: cheti cha gari lile chenye jina la Afro.

Tatizo lilikuwa kwenye chasisi. Namba iliyogongwa pale ilikuwa 23. Namba 18, kwa mujibu wa vitabu vya kiwanda, ilikuwa kwa mwanasheria mmoja huko Uswisi, na cheti chake nilikiandika mimi.

"Achana na namba, daktari," Learco aliniambia. Kwetu kila mvaa tai ni daktari, hasa mtu akitaka kumkejeli. "Ingiza mkono humu chini ya madigadi. Papasa."

"Nipapase nini?"

"Mimi ni mashoto. Savarani nzima waligonga kwa kulia, mimi peke yangu kwa kushoto. Alama zangu zinalala upande wake. Bodi ya 18 niliigonga mwenyewe, mwanzo mwisho. Hiyo 23 aliigonga Malagoli, yule mlevi, sikuigusa hata kwa kidole."

"Mzee Learco, siandiki cheti kwa kupapasa."

"Basi vidole Mungu alikupa vya nini? Vya kuchokolea pua?"

Sikuingiza mkono. Nilikuwa nimevaa koti jipya. Niliandika kwenye cheti kwamba lile lilikuwa gari namba 23 lililovalishwa bodi ya kuigiza, na kwamba halikuwa na uhusiano wowote na Afro Zanasi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilijua. Modena nzima inajua. Zama zile, gari likitakiwa kuvuka mpaka kwenda mashindanoni na karatasi zake za forodha hazijatoka, mafundi walichukua karatasi za gari jingine, wakafuta namba ya chasisi kwa tupa na kugonga ya karatasi zile. Wakirudi, wanabadilisha tena. Au wanasahau. Nimewahi kuisimulia habari hiyo karamuni, watu wakacheka mpaka machozi. Lakini kumkubalia Learco kulimaanisha kufuta cheti cha Uswisi chenye sahihi yangu, na sikuwa tayari kuonekana nimekosea.

Wiki moja kabla ya Jumanne ile, mjane wa mtunza stoo wa Savarani aliniletea boksi la viatu lililojaa karatasi za marehemu. Mojawapo ilisema: "Gari la Afro, 18, limekuwa 23 kwa ajili ya forodha. Tukirudi tubadilishe." Kulikuwa na tarehe na sahihi ya fundi mkuu. Hawakubadilisha. Gari jingine, lile 23 la kweli, lilipokamilika likapewa namba 18 na kupelekwa Uswisi.

Nilipofika Campogalliano, mlango ulifunguliwa na Oriele, binti yake Learco, mikono imejaa unga.

"Ni wewe tena, Gibertini?" alisema. "Safari ile ulipoondoka baba alikaa wiki nzima bila kula. Leo umekuja kumnyima nini?"

"Leo nimekuja kumpa."

"Haya. Yuko huko nyuma. Mwambie chakula karibu tayari."

Learco alikuwa ameketi kwenye kigoda katika karakana yake, amekonda mno. Pale gari lilipokuwa palikuwa sakafu tupu. Ukutani yaliegemezwa mabati mekundu, yamenyooka kama meza.

"Gari liko wapi?" niliuliza.

"Lipi? Lile la uongo?" Alinyoosha kidevu kuelekea ukutani. "Lile pale. Nililivunja mwezi wa tano. Kulitengeneza kulinichukua miezi miwili, kulinyoosha siku nne tu. Mkono bado upo, eh?"

"Na chasisi?"

"Niliikata. Mnunua vyuma chakavu akaja akaichukua."

Nikakaa juu ya gogo lake.

"Kwa nini, Mzee Learco?"

"Wewe ndiye wa kuniuliza? Msomi kasema. Nikajiambia, Learco, umezeeka, kichwa kimekuruka. Ukifa, wajanja watalichukua gari la uongo, watalibandika jina la Afro na kulizungusha kwenye maonyesho. Kaka yangu hakumdanganya mtu hata kwenye karata." Alichukua chupa ya pombe ya kokwa za mjozi na vikombe viwili. "Nilikuchukia sana, sikufichi. Lakini ulinisaidia, daktari. Asante."

Asante ile ilinichoma kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa. Nikainua macho nisimtazame, ndipo nikaliona: madigadi moja zima, limening'inizwa kwenye msumari.

"Hilo nilishindwa," alisema. "Mkono ulikataa."

Nilisimama, nikaingiza mkono chini yake. Sijawahi kushika nyundo maishani, lakini hata mimi nilihisi. Alama zote zililala upande mmoja, kushoto, kama majani yaliyopitiwa na upepo.

Learco aliacha kumimina.

"Siku ile ulikataa kushika," alisema. "Kwa nini leo unashika?"

Ningeweza kumdanganya na kumwachia amani yake. Mpaka leo sijui kama hilo halikuwa bora. Lakini uso wangu ulikuwa umeshasema, kwa hiyo nilitoa karatasi nikampa. Aliisoma mara mbili, midomo ikitikisika.

"Kwa hiyo kichwa changu kilikuwa kizima."

"Kizima."

"Na lilikuwa lenyewe."

"Lenyewe. Nisamehe."

Aliutazama mkono wake wa kushoto. Oriele aliita kwamba chakula kinapoa.

"Una fomu zako?" Learco aliuliza.

"Zimo mkobani. Lakini gari halipo tena, Mzee Learco."

"Si ulisema cheti ni cha maisha yote ya gari? Andika."

Niliandika juu ya gogo. Savarani namba 18. Bodi, Learco Zanasi. Dereva, Afro Zanasi, mshindi, 1957. Jina alilolisubiri zaidi ya miaka hamsini liliandikwa kwa mwandiko wangu.

"Sasa mwisho wake," alisema. "Andika lilivunjwa na Learco Zanasi, kwa nyundo ileile, kwa mkono uleule."

Nikaandika. Alichukua kalamu akatia sahihi, kisha akanirudishia fomu na kidole chake kikaishia kwenye mstari wa mwisho, uliokuwa wazi.

"Huo," alisema, "siwezi kukuandikia mimi."

Nikaandika: "Sababu, cheti cha Ermes Gibertini." Nikatia sahihi yangu.