Beji Iliyofanya Kazi Kuliko Mwenyewe

Itangazwe kwa wote wenye mifupa, mizima na iliyovunjika: hospitali ilikuwa karibu kumpata Mkuu mpya wa Kitengo cha Eksirei, mtu wa weledi usio kifani, mwenye vyeti kumi na kimoja ukutani na tai ya kila siku ya juma. Bahati mbaya, mtu huyo alikuwa hajachaguliwa na yeyote isipokuwa yeye mwenyewe.

Alijiita Mtaalamu. Dada yake, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, alimwita "huyo". Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipiga picha za eksirei, au tuseme akisimama karibu zikipigwa, kwa maana kila alipoletwa mgonjwa mzito wa kugeuzwa, Mtaalamu alikumbuka kwamba ana semina. Aliyebaki kugeuza ni mwenzake wa zamu, dada mmoja mpole aliyebandikwa jina la Kimya, ambaye hakuwa na tai hata moja.

Kile cheo Mtaalamu alikitamani kama fisi anavyotamani mfupa. Fomu zote alikwisha kuzijaza, ikabaki moja tu: taarifa ya beji ya mionzi. Beji hiyo ni kidude cha plastiki ambacho kila mpiga eksirei hukivaa kifuani. Kila mwisho wa mwezi hupimwa, ijulikane mwili wake umepata mionzi kiasi gani. Wenzake wote walikuwa na vijinamba vidogo vidogo, vya watu waliowahi kumshika mtoto anayelia mbele ya mashine. Ya Mtaalamu ilikuwa sifuri. Januari sifuri, Februari sifuri, mpaka Novemba. Alikuwa akiitunza kwenye kabati la vioo sebuleni, kando ya vikombe vya wageni, isije ikachubuka. Aliivaa kwenye harusi.

"Wataona nilikuwa siivai," alimlalamikia mpwa wake jikoni. Mpwa huyo alikuwa binti wa shule ya bweni aliyekuja likizo, mtoto mwenye adabu, akili na sura ya kupendeza.

"Mjomba, tatizo hiyo beji haina uzoefu," mpwa akasema, anamenya kitunguu. "Ipe uzoefu."

"Kivipi?"

"Si uiache pale kwenye mashine ipate picha moja mbili? Hakuna aliyejifunza kuogelea sebuleni."

Mtaalamu akamtazama kama aliyeshukiwa na malaika. "Hiyo shule," akasema, "ada yake haipotei."

Asubuhi yake akaibandika beji kwa plasta ubavuni mwa meza ya eksirei, karibu kabisa na pale mionzi inapotua. Kisha akaomba ruhusa ya kwenda semina, akaenda kwa fundi cherehani kupimwa suti ya usaili, mpwa akimfuata kubeba koti.

"Picha mbili tu zinatosha," alimnong'oneza njiani. "Ikifika saa nne nikumbushe, nikaitoe."

Kwa fundi palikuwa na kioo kirefu, na Mtaalamu na kioo walikuwa marafiki wa siku nyingi. Alijitazama mbele, akajitazama nyuma, akampa mkono mkuu mpya wa kitengo aliyemwona kiooni.

"Fundi, mtu wa cheo changu huvaa vifungo vingapi?"

"Vinavyofunga," fundi akajibu, pini mdomoni.

Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Walirudi hospitalini saa tisa, na siku hiyo ilikuwa ya picha za migongo: Kimya alikuwa amepiga wagonjwa arobaini na watatu peke yake, jasho likimtoka chini ya vazi zito la madini ya risasi, la kuzuia mionzi. Mtaalamu alibandua beji, akaifuta kwa leso. "Picha mbili, picha arobaini," akajifariji, "uzoefu ni uzoefu."

Siku ya usaili mwenyekiti alikuwa daktari bingwa wa mionzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni. Aliisoma taarifa, akairudia.

"Ndugu, hapa nina sifuri kumi na moja. Halafu Desemba umepata mionzi ambayo Kimya hajaipata kwa miaka tisa. Ulikuwa unafanya nini?"

Njia zilikuwa mbili. Aseme beji imedanganya, aonekane mghushi; au aseme mwili ndio umepigwa. Mtaalamu akautoa mwili.

"Kujituma, mheshimiwa. Huwashika wagonjwa kwa mikono yangu."

"Hongera sana. Basi kwa usalama wako, kuanzia leo hukanyagi chumba chenye mashine. Utatolewa damu kila Jumatatu ipimwe, na utakaa stoo ya mafaili mpaka tutakapoona vinginevyo. Mkuu wa kitengo hawezi kuongoza chumba asichoruhusiwa kuingia. Cheo atakishika Kimya."

Mtaalamu akafumbua mdomo.

"Vuta pumzi," mwenyekiti akamwambia, kama aambiwavyo mgonjwa wa eksirei. "Zuia."

Hakumwambia apumue.

Sasa anakaa stoo, kavaa suti, anapanga mafaili kwa herufi. Siku ya kwanza alikuta mezani kipande cha ile plasta ya beji, kimekunjwa vizuri. Kimya hajamwambia mtu neno.

Hadithi ingekomea hapo, kama mama hangekuwa amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma.

"Hiyo saa nne," ameuliza, "kaka yangu alimwambia nani amkumbushe?"

"Mpwa wake."

"Mpwa yupi? Mimi nimezaa mmoja. Hiyo sura ya kupendeza ni ya nani?"

Basi, ni mimi. Saa nne niliiona. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kioo cha fundi, na chini yake Mjomba alikuwa akijipigia saluti. Nilinyamaza kusudi. Nilitaka kuona itakuwaje. Sikujua kama watamtoboa mkono kila wiki, na mishipa yake, mama anasema, haionekani kirahisi. Kuhusu Kimya kupata cheo sitaomba radhi, hata nikichapwa.

Ila leo ni Jumatatu. Nimeambiwa niende stoo nikamwambie kwa mdomo wangu, kabla ya sindano. Natafuta viatu, polepole.