Nyonga Inayopanda Matombo

Jumatatu asubuhi Eufrazia alikuwa barazani kwake Bigwa, anachambua mchele kwenye ungo, nyonga yake ya bandia ikatoka ikaondoka. Damu haikutoka. Kanga ilibonyea tu upande wa kushoto. Nyonga ikarukaruka kama chura, ikashika barabara ya kupanda Matombo, mlimani.

Mwanaye Oscar alikuwa anakaza mnyororo wa pikipiki.

"Mama, nyonga yako inaenda wapi?"

"Shambani. Si wewe uliniahidi kunipeleka tangu Pasaka?"

"Barabara mbovu. Daktari kasema usirushwerushwe."

"Basi imeenda yenyewe."

Huko Matombo shamba linafuata ukoo wa mama, na mgawaji ni mjomba Kasimiri. Mwanamke asipolima misimu mitatu, shamba lake anapewa mwenzake. Eufrazia alikuwa hajalima misimu miwili, na huu ulikuwa wa tatu. Wakati anawekewa nyonga aliambiwa ni kauri tupu, atapanda nayo mlima miaka ishirini. Kwenye kadi wakaandika hivyo hivyo, kauri. Mwaka wa nne akawa hafiki hata dukani.

Jioni nyonga ilirudi na udongo mwekundu. Eufrazia akaunusa kwanza. Halafu akaiosha kwa sabuni, akairudisha mahali pake.

"Karafuu zimeiva?" akaiuliza.

Haikujibu. Ni nyonga.

Ikawa inaenda kila siku. Wiki ya tatu ikaanza kumwaga unga mweupe njiani. Oscar akaitia kwenye mfuko, akaipeleka hospitali kwa fundi wa viungo, Godlisten. Fundi akakwaruza kikombe cha nyonga kwa ukucha.

"Hii plastiki. Tena ile ya zamani."

"Kadi inasema kauri."

"Kauri unaikwaruza kwa ukucha? Plastiki hii inasagika, kaka. Ule unga unakula mfupa, nyonga inalegea. Kwa safari hizi haimalizi mwaka."

"Nani kabadilisha?"

Godlisten akafungua faili. "Humu imeandikwa kauri. Humu mama yako mzima kabisa."

Akalifunga, akaita mgonjwa mwingine.

Nyumbani Oscar alisema waifunge kwa mkanda kiunoni isitoke, angalau mama aweze kwenda chooni mwenyewe.

"Ukiifunga, shamba linaondoka," alisema Eufrazia. "Iache."

Mwisho wa palizi mjomba akapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nimepita shambani. Nimeikuta nyonga yako inapalilia migomba. Inalima vizuri kuliko wewe."

"Na shamba je?"

"La kwako. Nyonga si ya kwako?"



"Mkarafuu wa mama bado upo?"

"Upo, umezaa mpaka matawi yameinama. Njoo uchume."

"Nakuja, mjomba."

Kesho yake nyonga ikaondoka kama kawaida. Eufrazia akakaa kwenye kiti, uso mlimani, mpaka wingu likaufunika mlima. Kutoka kwenye ngazi hadi barabarani kulikuwa na mstari mweupe wa ule unga, kuku wakaudonoa wakauacha. Kadi ilikuwa palepale ukutani kwenye msumari, bado inasema kauri.

Saa kumi na moja jioni akamwambia Oscar amletee beseni la maji na kipande cha sabuni. Oscar akaleta. Eufrazia akaweka beseni kando ya kiti, akaendelea kuangalia barabara.