Ifute Kidogo Nione

"Kamera gani hii inayowaza kwanza kabla ya kupiga?" Tulia alifoka.

Watu walimwita Tulia kwa sababu ndilo neno alilowaambia wateja wake tangu ujana: tulia, tulia hapohapo, paa, picha imeingia! Ajabu ni kwamba mwenyewe hakujua kutulia, na siku hiyo ndiyo kabisa, damu ilikuwa inamchemka.

Mama yake alikuwa ameketi mbele ya pazia la studio, kajipamba. Mchana huohuo alitakiwa kwa daktari wa meno, akang'olewe meno yote ya mbele; fizi zilikuwa zinaoza, hakuna tena mjadala. Sasa, mama huyu tangu usichana hakuwahi kucheka bila kufunika mdomo. Meno yake yalimtangulia kidogo, wenzake wakamtania, na mkono ukazoea njia. Ana mtoto mpiga picha, lakini picha zake zote za kicheko ni kiganja tu. Leo aliamua mwenyewe: "Nataka nijione nikicheka na meno yangu, kabla sijavaa ya kununua."

Na leo ndiyo kamera ya filamu imelala kwa fundi! Basi shemeji, kaka wa mkewe, muuza kompyuta mwenye maneno mengi kuliko bidhaa, akaleta kidude chake kipya cha dijitali. "Hakuna filamu, shemeji. Hakuna kusafisha wala kungoja. Unaona hapohapo."

Kuona hapohapo! Tulia alibonyeza, kidude kikanguruma, kikasitasita, ndipo kikapiga. Mama ameshacheka, na mkono umeshafika mdomoni. Akabonyeza tena, kiganja. Tena, kiganja na nusu ya pua. Kila mara Tulia alisema "Futa!" na shemeji akaifuta, maana kidude chenyewe kilibeba picha chache kama mfuko uliotoboka. Mama aliukalia mkono, ukachomoka. "Mkono huu haunisikii," alilalamika. Mara betri zikafa. Shemeji akakimbilia duka la jirani, akarudi na za mwisho zilizobaki.

"Shemeji, umeniletea kamera au karani?" Tulia alibonyeza kwa hasira tu, bila hata kulenga vizuri. "Ukimwomba kitu sasa hivi, anakujibu wiki ijayo!"

Mama aliangua kicheko mpaka akashika mbavu kwa mikono yote miwili. Kidude kikapiga.

Kwenye kioo cha kidude, kidogo kama kiberiti, mama alikuwa ametupa kichwa nyuma, meno yote nje, macho ameyafumba kwa raha. Tulia alisahau ugomvi wake. "Nimekupata," alisema polepole.

Shemeji akakinyakua kidude kumwonyesha mama. Mama akainama, akakunja uso. Kioo kilikuwa kimejaa alama za vidole. "Mh! Ifute kidogo, baba."

"Usijali mama, kufuta ni kufumba na kufumbua." Akabonyeza, akabonyeza tena. "Tayari. Tupige nyingine."

"Iko wapi picha?" mama aliuliza.

"Si umesema niifute? Nimeona umekunja uso, nikajua hujaipenda."

"Nilitaka uipanguse hiyo kamera, mwanangu! Nione vizuri!"

"Lahaula!" Tulia aliruka. "Kompyuta zote hizo umeuza, kitambaa hukijui?" Akampokonya kidude, akabonyeza kila palipobonyezeka. Kikalia mlio mmoja, kikazima. Nje, gari la kumpeleka mama kwa daktari likapiga honi, likapiga tena.

Mama akainuka, akachukua mkoba wake. "Wewe uliiona?"

"Niliiona, mama."

"Nilikuwaje?"

Tulia alikuwa amewaamuru watu wainue kidevu, wageuke, wakae wima. Kumwambia mtu alivyo hakuwahi. Kazi hiyo aliiachia picha.

"Ulikuwa mzuri. Na meno yale... mama, ulikuwa mzuri sana."

"Leo tu?"

"Siku zote. Nimekuwa nikiyaona kabla mkono haujafika."

Mama alimkazia macho, na sasa alikuwa amekasirika kweli.

"Sasa ulikuwa unangoja nini kuniambia, wewe?" aliuliza, akatoka kwenda kung'olewa.