Kona Inayoelekea Gungu

Kila Jumanne asubuhi, akishamaliza kufagia, Mwanamvua wa Ujiji huoka kashata za kuuza. Si zile za kuyeyusha sukari na kumwaga juu ya ubao. Zake ni za unga, siagi, asali na karanga zilizokaangwa nusu, zinazokatwa vipande virefu vya kuenea kiganjani. Trei huwekwa juu ya jiko la mkaa, hufunikwa kwa bati, na juu ya bati hupangwa makaa mengine. Ya chini yawe machache, ya juu mengi. Atakayegeuza hilo ataunguza, na Mwanamvua ameshawaambia majirani hivyo mara nyingi kuliko walivyomuuliza.

Nyumba ile ina desturi yake. Aliyemenya karanga ndiye anayekula kona ya kwanza, kabla ya mgeni, kabla ya mume, kabla hata mpishi mwenyewe hajaonja. Bibi yake Mwanamvua ndiye aliyeianzisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimenya. Baadaye, kwa miaka minne, karanga zilimenywa na Marcelina, binti wa Kasulu, aliyeolewa na Ramadhani, mtoto wa kwanza wa Mwanamvua.

Ramadhani alifariki kwa maradhi ya ini. Marcelina alikaa eda yote, miezi minne na siku kumi, bila kuvuka kizingiti. Siku aliyotoka eda ilikuwa Jumanne, akamenya karanga kama kawaida. Trei ilikuwa bado motoni pale Gharib, mdogo wa marehemu, alipomtolea begi lake nje na kumwambia bodaboda imefika. Marcelina akanyoosha mikono kumchukua mwanawe Shadia, aliyekuwa na miaka mitatu. Mwanamvua akamvuta mtoto kwake.

"Huyu ana kwao," alisema.

Marcelina akaondoka na begi. Siku hiyo kona moja ya trei haikuiva.

Ilibaki unga mbichi, mweupe, ilhali kipande cha pembeni yake kilikuwa kimeshapata rangi. Mwanamvua akaongeza makaa. Jumanne iliyofuata ikawa vilevile. Akageuza trei, kona iliyokuwa mbichi ikaiva, na ile iliyoshika nafasi yake ikabaki mbichi. Akahamishia jiko uani, akalirudisha kibarazani. Kila mara ilikuwa kona inayoelekea Gungu, ambako Marcelina alikuwa amepanga chumba na kushona nguo kwa cherehani ya kukodi.

Hadija, jirani wa ukuta mmoja, alikuja akachovya kidole.

"Mbichi," alisema. "Tena ina joto la mtu." Kisha akaomba chumvi, maana ndiyo iliyomleta.

Fundi bati alilikagua jiko, hakuona kasoro. Gharib alisema mkaa wa siku hizi hauna maana. Wateja waliizoea trei yenye pengo, wakawa wanauliza tu kama kashata zimebaki. Asiyezoea alikuwa Mwanamvua. Alikaa akainuka, akafagia palipokwisha kufagiwa, akaenda hadi mlangoni akasahau alichofuata. Jumanne nzima alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sababu aliijua, hakuhitaji kuambiwa, ila aliamua kuielewa nusu tu.

"Marcelina aliondoka hajala kona yake," alimwambia Gharib. "Nitampelekea, yaishe."

"Na mtoto je?"

"Nimesema kona."

Akaifunga trei kwa kanga, akapanda bodaboda, trei mapajani. Hawajafika nusu ya njia, unga ukaanza kunukia. Walipoingia Gungu kona ilikuwa imeumuka, na moshi mwembamba ukapenya kwenye kanga. Dereva akasema, bila kugeuka, kwamba mama aangalie asimuunguzie kiti, ni kipya.

Marcelina alikuwa mlangoni kwake akipiga pasi. Akaiweka pasi pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akatazama nyuma ya Mwanamvua, kwenye pikipiki, kisha nyuma ya pikipiki. Akarudia tena, taratibu.

"Umekuja na nani?"

"Nimekuletea kona yako."

Mwanamvua akafunua kanga. Kona ilikuwa imeiva vizuri kuliko trei nzima, karanga zimetoa mafuta. Marcelina aliitazama bila kushangaa. Alisema vidole vyake hunukia karanga kila Jumanne, na wateja wake wanadhani anapika huku anashona. Kisha akaingia ndani akatoka na gauni dogo la njano.

"Nimemshonea. Sijui kama bado ni kipimo chake."

"Amekua."

"Amefika wapi?"

Mwanamvua akanyoosha kiganja hewani, usawa wa kiuno. Marcelina akasogea, akaweka mkono wake pale pale, akaupitisha polepole mbele na nyuma, kama anayelainisha nywele. Mwanamvua aliona haya, haya ya kweli iliyompanda hadi masikioni, akatazama pasi.

"Mama, nipe mtoto wangu."

"Kula kwanza."

"Nikila, utarudi tena hapa?"

Mwanamvua alikuwa amekuja ili asilazimike kurudi, na wote wawili walilijua hilo.

"Basi sitakula," alisema Marcelina. "Rudi nayo. Gauni umpe, umwambie limetoka kwa nani."

Njiani kona ilianza kupoteza rangi. Ilipofika Ujiji ilikuwa unga mbichi, mweupe, wenye joto lilelile. Mwanamvua alikasirika, halafu akaona hana wa kumkasirikia. Gharib alikuwa kibarazani akimngoja.

"Yameisha?"

"Yameisha."

Gauni lilimwenea Shadia, ila lilikuwa fupi kidogo. Akauliza limetoka wapi. Bibi yake akasema tu limetoka Gungu.

Siku hizi Mwanamvua haigeuzi tena trei. Anajua kona gani itabaki, na anaikatia pembeni kwa kisu kama mtu anayekwepa jiwe shambani. Hadija akija hatazami tena. Gharib anasema ni vizuri pengo lipo, wateja wanaitambua kashata ya kwao kwa hilo.

Shadia ametimiza miaka mitano na amejifunza kumenya karanga. Anamenya haraka, maganda yanaruka hadi barabarani, na hakuna aliyemfundisha kushika karanga kwa vidole viwili namna ile. Jumanne iliyopita alimaliza beseni zima peke yake. Akanawa, akaketi kwenye kigoda mbele ya jiko, gauni la njano likiwa limeshapanda juu ya magoti, akangoja haki yake. Bati lilipoondolewa, akachovya kidole kwenye kona.

"Bibi, yangu bado."

"Ngoja."

"Ya watu wengine imeiva."

"Naona."

"Mpaka lini?"

Mwanamvua akarudisha bati, akapanga makaa mapya upande unaoelekea Gungu, akayapuliza mpaka machozi yakamtoka. Kisha akafunua tena, akakata vipande vilivyoiva, akawahudumia wateja waliokuwa wameshafika.