Barua Iliyolala Kwenye Droo

"Hivi jirani, ukishakuwa mama wa mji mzima, ndugu zako wa tumbo moja wanabaki kuwa nani?"

Swali hilo meya aliulizwa na jirani yake wakati wanaanua nguo, wiki ile aliyoapishwa. Alicheka tu. Miaka tisa imepita, na siku hizi hata kucheka kunamchosha kama kupanda ngazi.

Alasiri hiyo alikuwa ametoka kwenye kikao cha madiwani, kilichoanza asubuhi na kuishia kwenye ubishi wa nani kamkata mwenzake kauli. Alivua viatu chini ya meza. Miguu ilikuwa imevimba. Mbele yake palikuwa na faili la mfereji mkubwa wa kupeleka maji ya mvua mtoni. Mwaka jana maji hayo yaliingia mtaa wa bondeni, yakaondoka na mama na mwanawe. Nyumba arobaini zilitakiwa kupisha mfereji. Thelathini na tisa zilikwisha hama. Katapila lilikuwa linaingia Jumatatu.

Dada yake mkubwa aliingia bila hodi, maana aliyekubeba mgongoni hakubishii hodi.

"Mdogo wangu, watu wako wamekuja kuniambia nitoe vyombo. Nimewaambia wamekosea nyumba."

"Dada, si ulipata barua? Miezi mitatu sasa."

"Barua gani? Alama nyekundu niliiona ukutani. Nikasema, kama ni jambo la maana, mdogo wangu atakuja kuniambia. Kila Jumapili nachemsha chai, inapoa."

Meya akamwita afisa ardhi. Akaja, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, akasimama anatazama sakafu.

"Mheshimiwa, nyumba zote nilipeleka kwa mkono wangu. Hii ya dada niliona haya. Nimpelekee dada wa meya barua ya kumhamisha? Ningeonekana sina adabu. Nikajua mtaambizana wenyewe, kindugu. Barua ipo kwenye droo yangu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ofisi ilimwachia meya, meya akaiachia ofisi, na mwenye nyumba akaachwa na wote wawili.

Sheria meya aliijua, maana yeye ndiye aliyeipigania: asiyepewa barua hahamishwi mpaka apewe, na miezi mitatu ipite. Na mvua zilikuwa zimebakiza wiki tano.

Afisa akainama karibu na sikio lake. "Asaini leo, tuweke tarehe ya zamani. Mambo yaishe."

Alipaswa kumfukuza. Miaka ile ya mwanzo angemfukuza, na mlango ungesikika mpaka ghorofa ya chini. Sasa alihisi usingizi tu, ule wa mtu aliyebeba mzigo hata akasahau ulianzia wapi.

"Ilete," akasema.

Dada akaisoma barua kwa kidole, mstari kwa mstari, hakuruka hata muhuri.

"Weka sahihi hapo, dada. Tarehe atakuonyesha. Ni ya miezi mitatu nyuma."

"Kwa hiyo nilijua, nikanyamaza, nikawa mkaidi."

"Utakaa kwangu. Chumba kipo."

"Kwako? Kwako hata wewe mwenyewe hukai."

Afisa akakohoa, akageukia dirishani.

"Maji yakiingia tena bondeni, dada, nitamwambia nini Mungu?"

"Mwambie hivyo hivyo unavyoniambia mimi. Yeye tarehe anazijua."

Akashika kalamu. Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama walivyofundishwa darasa la pili, kisha tarehe, akifuata kidole cha afisa. Meya alitamani akosee hata herufi moja, apate sababu ya kumshika mkono.

"Dada, dereva atakurudisha. Jumamosi nitakuja, tufunge vyombo pamoja."

Dada akafunika kalamu kwa kifuniko chake, akailaza juu ya faili, akachukua mkoba, akatoka.