Ng'ombe Sita wa Mwenye Timu

Pale Columbus, kwenye ofisi za ligi, walizima taa wakaonyesha ukutani video ya siku yangu ya mahari. Nilimwona baba mkwe, mzee Enoki, ameketi wima ndani ya suti ya kahawia. Nilimwona mjomba wangu Methodi, msemaji wetu, akiinua mkono na kutangaza kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Mwenye timu ya kijana yetu, ng'ombe sita!" Akina mama wakapiga vigelegele. Mle ofisini watu wa nidhamu waliandika kitu, kisha mmoja akauliza ng'ombe hao wanafugwa wapi.

"Hapa Amerika ng'ombe ni bahasha," nikamjibu. Cherotich, wakili wangu, akanikanyaga mguu chini ya meza.

Nilikuwa beki wa kushoto wa timu moja ya Louisville. Ligi yetu ina kikomo cha mishahara: malipo ya wachezaji wote yakijumlishwa hayaruhusiwi kuvuka kiasi kilichowekwa, na timu inayovuka hukatwa pointi. Mwenye timu alinipa mkataba mrefu huku akilalamika kwamba kikomo kimembana, hana namna ya kuniongeza. Aliposikia naoa, akaja mwenyewe hadi Buffalo, East Side, kwenye ukumbi wa kanisa letu. Akaketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya shangazi zangu. Wakati ulipofika akamkabidhi mzee Enoki bahasha ya pesa, mkono kwa mkono, na Methodi alipotangaza, jamaa akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mbona anapiga kelele?" akaninong'oneza.

"Anakushukuru."

Kwetu Kongo, kule milimani juu ya Uvira, zawadi isiyotangazwa haina mwenyewe. Kesho aliyeitoa anaweza kuja kuidai, na aliyeipokea anaweza kuikana. Ndiyo maana Methodi alipaza sauti, na simu zote ukumbini zikarekodi ili ndugu waliobaki nyumbani nao washuhudie. Alichokificha Mzungu kwa akili zake zote, sisi tulikiweka YouTube kabla wali haujapoa.

Ligi ikaamua kwamba ule ulikuwa mshahara uliopitishwa dirishani. Timu ikakatwa pointi. Mimi nikapewa sharti: yule aliyepokea arudishe, na atie sahihi kwamba amerudisha. Mpaka hapo sichezi, silipwi, na hakuna timu nyingine itakayonigusa hadi mkataba uishe. Tukirudisha, timu itapewa pointi zake. Mashabiki walionibeba mabegani wakaanza kuniita mwizi. Mwenye timu akawa ananipigia simu kila siku, ananihimiza nimbane mzee. Hakuuliza hata mara moja hali ya mke wangu Umutoni, ambaye tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa.

Nilikuwa nazunguka nyumbani kama kuku aliyefungwa mguu. Cherotich, Mkenya aliyekuja Columbus kusomea sheria akabaki, ndiye aliyeona mlango. "Nkusi, ni signature tu," akaniambia. "Mzee asign, wewe ulipe from your own pocket, na by March uko uwanjani. Pesa yake abaki nayo. Nani ataumia?"

Akiba yangu ilitosha hilo, na hilo tu. Sikumwona wa kuumia. Usiku ule nililala vizuri.

Tukaenda Buffalo, mimi na Umutoni, theluji ikitusindikiza njia nzima. Mzee Enoki aliomba binti yake amsomee ile karatasi, kisha amsomee tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Bon, nitasaini," akasema. "Mukwe wangu hawezi kufa njaa sababu ya mimi." Akanyoosha mkono apewe kalamu. "Lakini ng'ombe ikirudi, mtoto naye anarudi. Umutoni atabaki hapa mpaka ulete ingine. Na ule wa mu tumbo akizaliwa mbele ya ng'ombe kufika, ni mtoto ya mu nyumba yangu."

"Papa, ni karatasi ya Wazungu tu. Feza nitalipa miye."

"Donc jina yangu nayo ni ya Wazungu?"

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Ili nipate ng'ombe wengine lazima nicheze. Ili nicheze lazima hawa warudi. Wakirudi, mwanangu anazaliwa mali ya watu. Nilimchukia mzee, nikamchukia Methodi na koo lake, nikamchukia na Mzungu na ukarimu wake. Nikamtazama Umutoni anitoe mle. Alikuwa anaangalia buti zangu zinavyolowesha zulia la baba yake.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nikaweka kiganja changu juu ya mkono wa mzee.

"Acha, Papa," nikasema.

Heri lawama kuliko fedheha, ndivyo nilivyojipoza, ingawa lawama nayo ina meno. Timu ilimaliza mkiani. Mimi nikapata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala moja huko Jeffersontown, nikingoja mkataba uishe. Ulipoisha, simu haikulia. Nilikuwa nimevuka thelathini, na mguu uliokaa bila mechi hauna wa kuutaka. Mpaka leo, saa ya chakula wenzangu wakiwasha televisheni na timu yangu ikicheza, huwa natoka nikakae ndani ya gari.

Jumamosi iliyopita mwanangu alicheza kwenye uwanja wa watoto, si mbali na ghala. Mpira ulimjia kwa kasi. Akautuliza kwa mguu wa kushoto bila kutazama chini, akaupeleka mbele ya goli, mimi nikauhisi kwenye paja langu mwenyewe. Nikaumia na nikafurahi kwa wakati mmoja. Umutoni alikuwa kando ya mstari, simu juu, anarekodi.

"Shusha simu," nikamwambia.

"Sababu gani?" Hakugeuka. "Huyu ni wetu. Acha batu bamuone."

Nilikuwa nimesimama mbele yake. Nikasogea pembeni, nisimzibe.