Mdomoni mwa Mkwe

Arusi ilikuwa imejaza watu nyumba nzima pale Chilangala, Mama Stamili alipotumbukia kwenye kisima cha maji ya mvua. Walipomtoa, hapumui. Macho yote yakamgeukia mkwewe Faruku, dereva wa bodaboda, aliyefunzwa huduma ya kwanza mjini Newala.

Faruku akarudi nyuma. Miaka sita tangu amwoe Stamili, hajapata hata kumpa mama mkwe mkono. Wakikutana njiani, kwa heshima ya ukwe, kila mtu hushika upande wake. Leo amwekee mdomo mdomoni, mbele ya kadamnasi?

"Nimwelekeze mtu mwingine," akasema.

"Mpaka umalize kumwelekeza tutakuwa tunachimba kaburi!" Stamili akamlilia mumewe. "Baba Pendo, huyo ni mama yangu!"

"Aibu hiyo, jamani," shangazi mmoja akaguna.

"Aibu haijamuua mtu, shangazi," Stamili akamjibu. "Maji ndiyo yanaua."

Faruku akapiga magoti. Akamwinua kidevu, akambana pua, akampulizia pumzi tano. Kifua kikapanda. Kisha akaweka viganja katikati ya kifua, akakandamiza kwa nguvu, Stamili akihesabu mpaka thelathini huku analia. Pumzi mbili. Thelathini tena. Wapiga ngoma walisimama wameshika vichwa.

Mzunguko wa nne, mama akakohoa, akatapika maji. Wakamlaza ubavu, pikipiki ikawashwa kumpeleka hospitali. Akafumbua macho, akamwona Faruku, akavuta kanga ya jirani akajifunika uso.

Faruku naye akageukia ukuta.

"Shikamoo, mama."

Kanga ikakohoa kwanza. "Marahaba, mwanangu."